Buibui wa Kwenye Marimba

"Mjomba, nani kasema kweli?"

Swali hilo liliulizwa na mtoto wa Manyoni, huku kwetu mkoa wa Singida, nami nimelipenda sana. Watoto wanne walikuwa wamekaa chini ya mti, simu moja katikati yao. Kwenye simu ulikuwa unapigwa wimbo wa Hukwe Zawose. Wimbo ulipokwisha, kila mmoja akatoa lake.

Wa kwanza alisema, "Spika ya simu hii imepasuka. Sikieni inavyokoroma."

Wa pili, msichana anayeimba kwaya, alisema, "Spika ni nzima. Huyu babu ndiye yuko nje ya ufunguo."

Wa tatu alisema, "Mimi nilifumba macho nikaona mawingu. Ni kama nilikuwa napaa."

Wa nne, mdogo kuliko wote, alisema, "Hakuna biti. Wekeni singeli."

Na bibi yao? Bibi alikuwa pembeni anapepeta uwele. Hakusema mzuri, hakusema mbaya. Mabega yake tu ndiyo yalikuwa yanacheza.

Basi wakaanza kubishana. Walipochoka kubishana wakanijia. Shikamoo mjomba. Marahaba wanangu. Mjomba, wimbo mmoja, watu wanne, maneno manne. Nani kasema kweli?

Mnajua nilivyofurahi? Watu wengi wakisikia wimbo husema "mzuri" au "mbaya", wakanyamaza. Ninyi mmesema mlichokisikia. Mmoja kasikia mkoromo. Mmoja kasikia ufunguo. Mmoja kasikia mawingu. Mmoja katafuta biti akaikosa. Hongereni sana. Mwenye kusema alichosikia anaweza kufundishwa, na anaweza pia kunifundisha mimi.

Kwa hiyo leo nitawauliza swali moja tu, tena na tena. Umesikia nini?

Lakini kwanza, Hukwe Zawose ni nani? Swali zuri hilo, maana huwezi kuusema wimbo bila kumjua mwenye wimbo. Hukwe alikuwa Mgogo, mzaliwa wa kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma, jirani zetu wa mashariki. Na Wagogo hawako Dodoma peke yake. Hapa hapa Manyoni Kigogo kinasikika sokoni, stesheni, kisimani. Wimbo ule haukutoka mbali na mti wenu.

Hukwe aliimba, alipiga zeze, alipuliza filimbi, na zaidi ya yote alipiga ilimba, ile wengine wanayoiita marimba ya mkono. Mwalimu Nyerere alimsikia, akamwita Dar es Salaam. Baadaye akawa mwalimu kwenye Chuo cha Sanaa Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1981, na Bagamoyo pakawa nyumbani kwake. Akasafiri Ulaya, akasafiri dunia. Mwaka 1996 ikatoka albamu yake iitwayo Chibite, aliyoimba na Charles Zawose wa ukoo wake. Waliitoa Real World, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1989 na mwimbaji wa Uingereza, Peter Gabriel, pamoja na wenzake. Studio yao iko kijijini huko Uingereza, mahali panapoitwa Box, kwenye jengo la zamani lililokuwa kinu cha maji. Hukwe alifariki Bagamoyo, Desemba 2003. Sauti yake ndiyo hiyo mliyoisikia chini ya mti.

Sasa tuanze na aliyesikia mkoromo. Badala ya kujibu mimi, acha marimba ajibu mwenyewe. Haya, marimba, watoto wanakusikiliza.

Marimba akasalimu kwa Kigogo, kisha akasema:

"Mbukwenyi! Mimi ni ilimba. Mwili wangu ni sanduku la mti, ndani tupu. Juu ya sanduku vimepangwa vyuma vyembamba. Zamani baadhi yavyo vilikuwa misumari. Fundi aliviweka motoni, akavigonga, akavigonga, akavigonga, mpaka vikawa bapa. Chuma kirefu hutoa sauti nene. Chuma kifupi hutoa sauti nyembamba. Fundi akitaka sauti ishuke, hukivuta chuma mbele kidogo. Akitaka ipande, hukirudisha nyuma. Halafu mpigaji hunishika kwa mikono miwili, vidole gumba vyake vikaanza kutembea juu yangu."

Mtoto wa kwanza akauliza, "Mbona unakoroma? Umepasuka?"

Marimba akacheka. "Sijapasuka, mwanangu. Nina mwenzangu. Mwenzangu ni buibui."

"Buibui yuko ndani yako?"

"Hayumo. Kazi yake ndiyo imo. Umewahi kuona ukutani, kwenye nyumba ya udongo, kiduara cheupe kilichonata? Buibui ametaga mayai, akayafunika kwa kitambaa chake. Ni chembamba kuliko karatasi. Fundi hukibandua taratibu, asikichane. Kwenye sanduku langu ametoboa kitundu. Anakifunika kitundu hicho kwa kitambaa cha buibui. Basi chuma kikilia, hewa iliyo ndani yangu inatetema. Hewa ikitetema, kitambaa kinatetema. Kitambaa kikitetema, ndio unasikia zzzz, zzzz."

"Na kikichanika?"

"Kikichanika, mwenye marimba hana raha. Anaanza kukagua kuta za nyumba za watu, anamtafuta buibui mwingine. Bila buibui sauti yangu ni kavu. Inafika karibu, inakufa."

Umeona, wewe uliyesikia mkoromo? Sikio lako lilisema kweli. Mkoromo upo. Kichwa chako ndicho kilichoharakisha, kikasema spika mbovu. Na hukuwa peke yako. Wako wasikilizaji wa mbali, watu wazima na vyombo vyao vya bei kubwa, ambao wakisikia marimba mara ya kwanza hudhani ni kosa la kurekodi. Wamezoea sauti iliyosafishwa. Kwetu sauti haisafishwi hivyo. Inavikwa. Na si kwetu tu. Huko Mali na Burkina Faso kuna balafoni, marimba kubwa za mbao zenye vibuyu chini yake, na mafundi wa zamani walifunika vitundu vya vibuyu kwa kitambaa cha buibui vilevile. Hata wapiga gitaa la umeme wa Ulaya na Marekani hununua kifaa cha kukanyaga kwa mguu, kazi yake kuifanya sauti ikwaruze. Wao wanalipa pesa dukani. Sisi tunamshukuru buibui.

Sasa njoo wewe uliyepaa mawinguni. Umesikia nini?

"Nimesikia sauti nyuma ya sauti, mjomba. Vidole vinapiga, halafu kuna kitu kinabaki kinalia chenyewe."

Hapo nilitaka kumkumbatia. Marimba, mwambie.

Marimba akasema, "Mtoto huyu ana masikio! Tazameni katikati ya sanduku langu. Kuna vyuma ambavyo vidole gumba havivigusi. Wimbo unaanza havijaguswa, wimbo unakwisha havijaguswa. Lakini fundi alivirekebisha kwa makini, kila kimoja kikapata sauti yake. Mpigaji akipiga chuma cha pembeni, sanduku zima linatetema. Na kile chuma cha katikati chenye sauti inayopatana nacho kinatetema chenyewe. Hakijaguswa, kinaimba. Mpigaji anapiga viwili, mnasikia vitano."

Ndiyo maana ulipaa. Mawingu yako yana sababu, na sababu ni chuma.

"Ni uchawi, mjomba?"

Si uchawi, mwanangu. Kitu chochote chenye sauti yake huitika kikisikia sauti hiyo. Ukitaka kuona, nenda kwa mwenye gitaa. Mwombe arekebishe nyuzi mbili ziwe na sauti moja kabisa. Mwambie apige mmoja tu. Wewe tazama ule mwingine. Weka kipande kidogo cha karatasi juu yake. Utakiona kikicheza, pengine kitaanguka. Usiniamini mimi. Nenda ukaone.

Kuna na jambo jingine lililokupandisha. Ni sauti ya Hukwe mwenyewe. Inaanza kifuani, nzito, halafu ghafla inaruka juu kabisa, nyembamba kama filimbi, kisha inashuka tena bila kuyumba. Sikiliza mahali inaporukia. Isikilize tena. Mimi mpaka leo nikifika hapo nasimamisha kazi niliyoishika.

Haya, zamu ya msichana wa kwaya. Huyu ndiye aliyenipa kazi ngumu, na kazi ngumu ni tamu.

Alisema Hukwe yuko nje ya ufunguo. Nikamuuliza, "Umesikia nini, mama?"

Akajibu, "Kuna sauti moja anaiimba kila mara. Nimeitafuta kwenye kinanda cha kanisani sikuipata. Nikibonyeza hapa, kinanda kiko chini. Nikibonyeza panapofuata, kinanda kiko juu. Yeye anaimba katikati."

Sikieni huyu mtoto! Hakusema tu "mbaya". Alikwenda kwenye kinanda akatafuta. Akabonyeza, akasikiliza, akabonyeza tena. Akagundua jambo ambalo wataalamu wa muziki wamelifanyia kazi miaka mingi.

Twende polepole. Chukua zeze. Zeze lina waya na kibuyu. Piga waya bila kuweka kidole juu yake. Umesikia sauti nene? Sasa weka kidole katikati kabisa ya waya. Usiubane. Uguse tu, kama unamgusa mtoto aliyelala. Piga. Sauti imeruka juu. Sasa gusa theluthi ya waya. Piga. Imeruka juu zaidi. Gusa robo. Gusa sehemu ya tano. Gusa ya sita. Gusa ya saba. Kila mara sauti mpya inatokea, na kila moja iko juu kuliko iliyotangulia.

"Nani kaziweka humo, mjomba?"

Hakuna mtu aliyeziweka. Zimo ndani ya waya wowote uliokazwa, wa Manyoni au wa Paris. Mababu wa Kigogo walizisikia, wakazipenda, wakarekebisha marimba zao kwa kuzifuata, wakaimba kwa kuzifuata. Sasa ile ya sehemu ya saba ina tabia yake. Ukiipeleka kwenye kinanda haipati pa kukaa. Iko kati ya vibonyezo viwili vinavyofuatana, karibu zaidi na kile cha juu.

Kwa nini kinanda hakina nafasi yake? Kwa sababu waliotengeneza kinanda waligawa ngazi ya sauti katika hatua 12 zinazolingana. Ni mpango mzuri sana. Unamwezesha mpiga kinanda kuhamisha wimbo kutoka ufunguo huu kwenda ule bila kurekebisha chochote. Lakini ukigawa hivyo, sauti nyingine zinaachwa nje ya mlango. Ile ya saba imeachwa nje. Hukwe aliifungulia.

Kwa hiyo msichana wangu amesema kweli nusu. Ni kweli Hukwe haimbi sauti za kinanda. Nusu nyingine ni kwamba hakuwa anazitafuta. Mpiga kinanda akimwambia Mgogo, "Uko nje," Mgogo naye anaweza kumjibu, "Nje ya nyumba ya nani?"

Sasa mtaniuliza, mbona wote mna masikio mawili mawili, na bado kila mmoja kasikia chake? Hili ndilo jambo gumu la leo, nami nitalipitisha jikoni kwa bibi yenu.

Bibi ana chungu cha udongo. Chungu hicho kimepika mlenda miaka na miaka. Kioshe utakavyo, kisugue kwa mchanga, kianike juani. Halafu chemsha maji matupu ndani yake. Onja. Maji yana mlenda kwa mbali! Mlenda hukuutia leo. Umeingia kwenye udongo zamani, siku kwa siku, na sasa kila kinachopikwa humo kinautoa kidogo. Sikio ni chungu hicho. Wewe mdogo, chungu chako kimepika singeli tangu hujajua kutembea, kwa sababu kijana wa jirani ana sabufa. Dada yako, chungu chake kimepika kinanda na kwaya kila Jumapili. Bibi, chungu chake kimepika marimba na zeze kabla baba yenu hajazaliwa. Wimbo wa Hukwe ulipoingia, ulikuwa maji yaleyale, lakini kila chungu kikatia ladha yake.

"Basi chungu changu kimeharibika, mjomba?"

Hapana, mwanangu! Chungu chenye ladha ndicho chungu. Ujue tu kimepika nini. Na chungu hakikatai chakula kipya. Pika marimba humo mara nyingi, nayo itaingia kwenye udongo.

Tena nikuambie wewe wa singeli. Umesema hakuna biti. Biti ipo. Singeli inakimbia mapigo 200 na zaidi kwa dakika, na biti yake inakuja kukupiga kifuani, huna haja ya kuitafuta. Ya Hukwe imejificha vidoleni. Kidole gumba cha kulia kinasema neno, cha kushoto kinajibu kabla la kwanza halijaisha. Na miguuni kuna njuga. Sikiliza njuga kwanza, sahau kila kitu kingine. Mguu wako ukianza kugonga chini, hapo umeipata. Nimemwona mdogo huyu akifanya hivyo. Ilichukua muda, alikunja uso, akasema "sisikii, sisikii", halafu kichwa kikaanza kuitikia. Hakusema tena kuhusu singeli mpaka wimbo ukaisha.

Sasa tutoke Manyoni twende mbali kidogo. Maana albamu ya Chibite haikuuzwa Manyoni kwanza. Iliuzwa Ulaya na kwingine ng'ambo. Na wale waliisikia vipi?

Mwaka 1987, watu wa kampuni ndogo za santuri walikutana kwenye baa moja mjini London. Walikuwa na shida. Walikuwa na santuri za Afrika, za Asia, za Amerika Kusini, na wenye maduka hawakujua waziweke rafu gani. Walikubaliana kuziweka zote rafu moja, wakaiita muziki wa dunia.

"Kwani wale wa rafu nyingine wanaishi wapi, mjomba?"

Ha! Swali zuri hilo. Wanamuziki wengi wakubwa wameliuliza hilohilo. Rafu ile ilisaidia, nisiseme uongo. Mtu aliyekuwa hajawahi kusikia Kigogo aliingia dukani akatoka na Hukwe mfukoni. Lakini rafu moja ikibeba Mgogo, Mhindi, na mtu wa Peru, mnunuzi anaweza kudhani wote wanasema jambo moja.

Na wasikilizaji wengi wa huko, wakiulizwa umesikia nini, husema kama mwenzenu wa mawingu. Wanasema ni muziki wa ndotoni. Wanasema unaelea. Wanauweka usiku, taa zimezimwa. Wanadanganya? Hata kidogo. Vile vyuma visivyoguswa wanavisikia pia. Ile sauti inayoruka wanaisikia pia. Na jambo jingine linawafanya waelee: hawajui Kigogo. Usipojua maneno, sauti ya mtu inabaki sauti tupu, na unaweza kuipeleka popote. Nanyi mmefanya hivyo. Nani hapa hajalia kwa wimbo wa filamu ya Kihindi, na hajui Kihindi hata neno?

Ila kuna mahali siwezi kukubaliana na wanaoelea. Wengine husema muziki huu hauna mtu, umetoka tu hewani, umetoka enzi za kale. Hapo nakataa. Hukwe alikuwa mtu. Alitoka jasho. Alifunga njuga miguuni. Alifundisha watoto wa ukoo wake mmoja mmoja, kidole kwa kidole. Aliishi enzi zetu za redio na ndege, akapanda ndege hizo na marimba yake. Ukimfanya wingu, umemnyang'anya kazi yake.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Hukwe alitoa albamu nyingine, Assembly, na mpiga gitaa wa Kanada anayeitwa Michael Brook. Brook ni fundi wa sauti ndefu. Alitengeneza gitaa ambalo sauti yake ukiipiga haikatiki, inaendelea tu. Alikuwa amefanya kazi na Nusrat Fateh Ali Khan wa Pakistani kabla ya hapo. Kwenye Assembly, zeze na marimba ya Hukwe vimezungukwa na magitaa na mashine. Wasikilizaji wakagawanyika, mpaka leo wamegawanyika. Wako wanaosema Brook alifungua mlango, wakaingia vijana ambao wasingesikiliza marimba peke yake. Wako wanaosema amepaka rangi ukuta uliokuwa mzuri tayari.

"Na wewe mjomba, umesikia nini?"

Mmenigeuzia swali langu. Sawa, nitajibu. Mimi Chibite naipenda zaidi. Kwenye Chibite namsikia buibui. Nasikia kidole kikiachia chuma, nasikia mtu akivuta pumzi kabla ya kuruka. Kwenye Assembly buibui wakati mwingine anafunikwa, na mawingu aliyoyaleta Brook yanakaa juu ya mawingu ambayo marimba ilikuwa nayo yenyewe. Lakini kuna mahali ambapo gitaa lile refu linaishika sauti ya Hukwe inapopanda, na hapo namwelewa Brook. Alisikia chuma kisichoguswa, akataka kuwa chuma kingine. Mtu wa Kanada kusikia hivyo si jambo dogo. Ninyi sikilizeni zote mbili, na mkija na maoni mengine nitafurahi.

Tumemsahau nani? Bibi.

Nilimfuata bibi pale kwenye uwele. Nikamsalimu, nikamuuliza swali lile lile. Bibi, umesikia nini?

Akaniangalia kama ninayeuliza maji yana rangi gani. Akasema, "Nimesikia mtu anaita. Wakamjibu. Nami nikajibu."

Watoto wakashangaa. "Lakini bibi hakuimba!"

Mabega yaliimba. Kwa bibi, wimbo una nafasi ya anayeita na nafasi ya wanaojibu, na ndani ya nafasi ya wanaojibu kuna pake. Akisikia mwito tu, mwili unakwenda kukaa mahali pake. Hivyo ndivyo alivyokua. Alinung'unika kidogo pia, nami naona ana haki. Alisema, "Kwenye simu hiyo wanaojibu ni wachache mno. Na ninyi mmekaa tu."

Msichana wa kwaya akauliza jambo. "Bibi, mbona anayeita ni mwanaume? Wanawake hawaiti?"

Bibi akaweka ungo chini. Akatuambia habari za muheme, ngoma za wanawake wa Kigogo. Mwanamke anaibana ngoma kati ya mapaja, anaipiga kwa mikono, na wenziwe wanamjibu kwa zao, kishindo kinasikika kijiji cha pili. Mikono yake ilikuwa inapiga hewani akisimulia, na kila pigo lilikuwa mahali pake.

Nami nikaongezea habari mpya. Katika ukoo wa Zawose, kwa miaka mingi wanawake walikuwa waitikiaji. Waliimba nyuma, wakacheza, wakapiga ngoma, lakini wa mbele walikuwa wanaume. Sasa mtoto wa Hukwe, Pendo Zawose, na mjukuu wake, Leah Zawose, wamekwenda mbele. Wanajiita The Zawose Queens. Mwaka 2024 walitoa albamu yao, Maisha, kwa Real World ileile. Wanaita wao, wanapiga wao. Msichana wa kwaya aliposikia hivyo alinyang'anya simu. Alitafuta wimbo wao, akausikiliza wote kimya, mdomo wazi. Ulipokwisha nikamuuliza umesikia nini. Akasema, "Nimeisikia tena ile sauti ya katikati, mjomba. Safari hii sikuitafuta kwenye kinanda."

Sasa nina kazi ya kuwapa, ninyi mnaosoma. Kama uko Manyoni, Bahi, au popote penye wazee wa Kigogo, uliza nyumbani nani ana marimba au zeze. Nenda na mtu mzima, salimia vizuri, omba kuonyeshwa. Tafuta kitundu chenye kitambaa cheupe, lakini usikiguse kwa kidole, kitachanika. Hesabu vyuma, halafu mwombe mzee akuonyeshe vile asivyovipiga kabisa. Kama uko Singida mjini, Iramba, au Mkalama, na kwenu si Wagogo, uliza ala za kwenu, nazo zina siri zao ambazo mimi sizijui nusu yake. Kisha chukua karatasi uandike mambo mawili: nimesikia nini, na chungu changu kimepika nini. Usiandike "mzuri" wala "mbaya" mpaka hayo mawili yamejaa ukurasa. Ukimaliza, mpe dada au kaka asikilize wimbo huo huo, naye aandike wake bila kuona wako, halafu mzisome pamoja.